Nimekulia chini ya Uluguru, nikaja kuuona siku nilipokaribia kufeli BTP

Wakuu, salaam kwenu, na wale wakubwa zangu shikamooni.

Ninayoleta hapa yamenikuta mwenyewe. Sijasimuliwa, na chumvi sijaongeza. Mkifika sehemu mkaona nilikuwa mjinga, jueni hapo ndipo pa kweli zaidi.

Mimi ni binti wa Moro mjini. Mama yangu anauza chai na vitumbua pembeni ya stendi ya Msamvu tangu sijaanza shule. Kusoma nimejulia pale, kwenye vibao vya mabasi. Mbeya. Arusha. Bukoba. Wenzangu wanahangaika na a e i o u, mimi nasoma Sumbawanga.

Ndiyo maana nikakua na ndoto za kusafiri. Nilikuwa na daftari, kurasa za nyuma nimeandika sehemu zote nitakazofika nikianza kazi. Zanzibar, Serengeti, Ziwa Tanganyika, mpaka Victoria Falls.

Uluguru haikuwemo. Ile nilikuwa naiona kama ukuta wa nyumba yetu. Nani anaaga kwao anakwenda kutembelea ukuta?

Kidato cha nne sikung'ara, tuishie hapo. Nikaenda chuo cha ualimu, ngazi ya cheti. Mwaka wa mwisho ikaja BTP, yaani yale mazoezi ya kufundisha shuleni, kwa wasioijua. Nikamwomba Mungu nipangwe Dar, ikishindikana Arusha.

Nikapangwa shule ya msingi huko huko milimani kwetu. Unapita Mkuyuni, unashuka, unachukua bodaboda, halafu bodaboda naye anafika mahali anazima pikipiki anakwambia, "Dada, mimi mwisho wangu hapa."

Nililia. Siwafichi.

Jina la shule silitaji. Mwalimu mkuu ni mama mmoja mpole, mzaliwa wa pale pale, akanipa chumba nyumbani kwake bure. Nikapewa darasa la tano.

Sasa shikeni hili. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nasikia mvumo. Shuuu, asubuhi mpaka jioni, haukatiki. Nikasema kumbe milimani kuna upepo hivi. Nikawa nashinda na sweta.

Wiki ya tatu, Jumanne, mkufunzi akaja kunikagua. Huyu mzee chuoni tulikuwa tunamwogopa. Anaongea taratibu, hacheki, na kalamu yake nyekundu haiishi wino.

Somo langu siku hiyo lilikuwa sura ya nchi. Milima, mabonde, mito, maporomoko ya maji. Zana nilikuwa nimeiandaa haswa. Nilichora kwenye karatasi ya manila, jioni mbili nzima, nakopi picha kwenye simu. Maporomoko makubwa ya nje huko, watalii wamevaa makoti ya mvua, upinde wa mvua juu yake rangi zote. Nilijiona fundi.

Nikabandika ubaoni, nikauliza, "Nani amewahi kuona maporomoko ya maji?"

Hakuna mkono hata mmoja.

Wakuu, niliwaonea huruma wale watoto mpaka sauti ikabadilika. Nikawaambia msijali wanangu, someni kwa bidii, ipo siku na nyinyi mtasafiri mkayaone.

Mkufunzi, kule nyuma alikokaa, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, huo mvumo ninaousikia dirishani ni wa nini?"

"Ni upepo, mkufunzi. Huku upepo ni mwingi."

Watoto wakacheka. Hawakunidharau, walikuwa wananionea aibu. Kuna binti mmoja anaitwa Tatu, hasemagi sana, akasema polepole, "Mwalimu, si upepo. Yale maji."

"Maji gani?"

"Ya mtoni. Yale yanayoanguka."

Mkufunzi akaanza kuandika. Akaandika, akafungua ukurasa, akaandika tena.

Kipindi kilipoisha akaniita nje. "Una watoto wanaooga kwenye maporomoko kila siku, halafu wewe ndiye unawaonea huruma kwamba hawajayaona. Wiki tatu uko hapa, hujawahi kuuliza hiyo sauti inatoka wapi. Jumanne ijayo narudi. Nikikuta hivi hivi, BTP utairudia mwakani, wenzako wakihitimu."

Akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika manila yangu.

Mjue kitu kimoja. Mama alikuwa ameshatangaza Msamvu nzima. Makonda walishaacha kumwita Mama Vitumbua, sasa ni Mama Mwalimu. Kitenge cha mahafali kilikuwa kimeshashonwa, kimekunjwa juu ya kabati. Ningeanzia wapi kumwambia?

Nikamfuata Tatu. Nikamuuliza kwa nini hawakunyoosha mikono.

Akaangalia chini. "Mwalimu, wewe ulichora ya Wazungu. Ya kwetu hayana watu wa makoti."

Jioni nikamweleza mwalimu mkuu yote. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, kisha akasema, "Mwanangu, kosa na mimi ninalo. Nilijua umeshafika. Nani anakaa huku asifike?"

Jumamosi wakanipeleka, yeye na Tatu. Tulipita kwenye migomba, kisha kwenye mashamba ya mdalasini, na ule upepo wangu ukawa unakua kila tukipanda. Tukazunguka jabali, na pale mbele yangu mto ukawa unaanguka.

Sijui niwaelezeje. Si makubwa kama yale ya kwenye manila. Ni meupe, membamba, yanashuka kwenye mwamba mweusi, yanatawanyika kabla ya kufika chini. Nilikaa kwenye jiwe, nikawa natazama tu.

Mwalimu mkuu akanambia maji yale yanakwenda kuingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoshuka kunywewa Dar.

Yaani Dar niliyomwomba Mungu, inasubiri maji ya kule nilikokulilia.

(Samahani nilitoka kidogo, nilikuwa naongeza maji kwenye maharage. Naendelea.)

Nikaamua. Jumanne sifundishii darasani, nafundishia mtoni. Mwalimu mkuu akaniunganishia vipindi viwili, akasema na yeye atapanda nasi. Mkufunzi akaja na viatu vyake vya ngozi vinang'aa. Nilipomwambia tunapanda, akaangalia mlima, akaangalia viatu, akasema, "Haya."

Njiani aliteleza mara mbili. Ya pili akakumbatia mgomba. Tatu akarudi, akamwambia bila utani wowote, "Shikamoo mwalimu. Kanyaga ninapokanyaga mimi." Mzee akakanyaga anapokanyaga Tatu mpaka juu.

Tulipofika ndipo nikagundua nilichosahau. Jumamosi tulikuwa watu watatu tumesogeleana, tunasemeshana masikioni. Sasa nina darasa zima, na maji yale yanapiga kelele kuliko mimi. Nikafungua mdomo, sauti haikufika hata kwa mtoto wa mbele. Nikapaza, wapi. Andalio la somo nalo limelowa, wino unachuruzika. Mkufunzi kasimama na kalamu yake, ananiangalia.

Nikasema moyoni, mama, kitenge chako utakivaa mwakani.

Tatu akanivuta sweta. Akanyoosha kidole chini kidogo, nyuma ya jabali, ambako akina mama wanaotoka shamba hutua mizigo yao wakapumzika. Tukashuka kule wote. Pale jabali linazuia mvumo, unaongea kama uko sebuleni, na maporomoko unayaona kwa ubavu.

Nikatupa andalio. Nikauliza swali langu lile lile, "Nani amewahi kuona maporomoko ya maji?"

Mikono yote juu. Mwalimu mkuu naye kanyoosha.

Basi wakanifundisha. Mmoja akaeleza masika maji yanabadilika rangi. Mwingine akaeleza kwa nini pale chini pana kina, mwamba umechimbwa na maji. Mimi kazi yangu ikawa kuuliza tu, "Unajuaje?" na wao wanajibu.

Mwisho mkufunzi akamgeukia Tatu. "Hebu niambie wewe. Maporomoko ni nini?"

Tatu akafikiri. "Ni mto umefika mahali, mbele hakuna njia, ukaruka."

Mzee akakaa kwenye jiwe, akavua viatu, akamwaga maji, akavivaa tena. Kisha akaandika, safari hii kidogo tu.

Fomu yake ya ukaguzi niliiona baadaye. Kwenye sehemu ya zana aliandika neno moja: "Inatosha."

Nimehitimu, wakuu. Mama alivaa kitenge chake, na makonda wawili walikuja mahafali na sare zao.

Wenzangu wengi walikwenda Zanzibar kupongezana, status zilijaa bahari wiki nzima. Mimi nilimchukua mama. Miaka yote ile Msamvu, na mlima upo nyuma ya jiko lake, hajawahi kupanda. Yeye ni mtu wa Turiani, alikuja mjini kutafuta, akatafuta mpaka leo.

Bodaboda zilipofika mwisho wake tukaanza kutembea. Katikati ya migomba mama akasimama, akajifunika kanga vizuri mabegani.

"Huku kuna upepo jamani."

Sikumsahihisha. Nikamshika mkono, "Twende tu mama."

Alipoyaona alikaa kwenye jiwe lile lile nililokalia mimi. Alikaa muda mrefu. Nilipomsogelea sikioni kumuuliza kama amechoka, akatikisa kichwa.

"Miaka yote tulikuwa tunawaaga watu tu," akasema.

Ajira bado nasubiri, mniombee. Nikipangwa mbali nitaenda, ndoto za Sumbawanga hazijafa. Ila nilichojifunza ni kwamba nikifika popote, kabla sijabandika manila nitauliza kwanza hiyo sauti inatoka wapi.

Na nyinyi wakuu, huko kwenu kuna nini ambacho mpaka leo mnakiita upepo? Andikeni hapa chini, na mwenye picha aweke. Mama ameniomba nimsomee.