Kocha Aliyejibiwa Kama Mposaji

Nilikuwa nangoja mbuzi wangu kwenye bucha moja ya Wamombasa hapa Alief, ughaibuni, simu ya kijana mkata nyama ikalia. Kijana huyu hucheza hoki ya barafuni. Aliyepiga alikuwa kocha wa timu ya kulipwa ya Dallas, na sauti yake ilisikika duka zima: aje sasa acheze na wakubwa, au abaki na vijana mwaka mmoja zaidi? Alitaka jibu siku hiyo hiyo.

Kijana akafuta mikono, akampa simu ami yake, mwenye duka. "Ami, ongea naye wewe."

Ami akajiweka sawa, akakohoa kidogo, akajibu kwa Kiingereza cha taratibu: "Tumekusikia. Mtoto bado mdogo. Tutakaa na wazee, kisha tutakupa jibu."

Akakata simu, akatugeukia wateja akitabasamu. "Mtu hakubali siku ya kwanza, ataonekana ana njaa. Wakimtaka kweli watarudi." Sote tukatikisa vichwa kukubali, maana hata binti zetu wakiposwa sisi hujibu hivyo.

Hawakurudi. Wiki iliyofuata nafasi ilikuwa na mwenyewe.

"Watu gani hawa," ami akafoka, "hata kuuliza mara ya pili hawajui?"

Kijana hakuinua macho. "Ami, walikuwa wanatafuta mchezaji. Hawakuja kuposa."

Kila siku tunalalamika kwamba watoto wetu wa huku hawana adabu. Huyu anayo, tena tele. Ndiyo maana bado ananikatia nyama.