Ukisikia Debe, Lipe Mgongo

Asubuhi hiyo tulikuwa tunavuna pojo, na Wakesho alikuwa ananicheka kwa sababu nilikuja shambani na blauzi ya kanisani. Nilimwambia nguo zangu zingine zote ziko kwenye maji.

"Sema tu unataka Mwadime akuone," akasema.

Mwadime mwenyewe alikuwa amelala chini ya mkokoteni, mdomo wazi, nzi wakimtembelea. Kulala ndiyo ilikuwa kazi yake ya mchana. Mtoto wa Wakesho, Zawadi, alikuwa ameketi kwenye leso anatafuna ganda la pojo, na mama yangu alikuwa anamnyang'anya huku akigomba. Siku yenyewe ilikuwa hivyo tu. Jua, vumbi, mgongo kuuma.

Mimi, Wakesho na Mwadime tulikuwa tunaitwa kikosi cha debe. Kijiji chetu, upande wa Ndara, kimepakana na ranchi, na ranchi imepakana na mbuga, na ndovu hajui mpaka. Wakija, askari wa wanyamapori hufyatua risasi hewani au kurusha fataki upande wa ranchi, nasi upande wa mashamba tunatoka kijiji kizima, tunajipanga mstari, tunapiga madebe ili wasigeukie kwetu. Vijana ndio hukaa mbele. Watoto nao wana sheria yao, wanafunzwa kabla ya a, e, i, o, u: ukisikia debe, lipe mgongo, kimbilia korongoni. Kwa sababu debe linapolia, ndovu yuko hapo hapo.

Kwa nini vijana mbele? Mimi naamini ni kwa sababu hakuna mtu angetukosa sana. Mimi nilikuwa nimetoka Form Four na D, nimekaa nyumbani. Mwadime aliacha shule Form Two. Wakesho alizaa bila mume, na Mzee Maghanga, mwenyekiti wetu wa kijiji na mzee wa kanisa, akamtoa kwenye kwaya. Jumapili aliketi benchi la mwisho na mtoto mapajani, amekatazwa kuimba. Na ile sauti yake, wacha tu, hata akikohoa ungejua ni yeye. Kukiwa na baraza tulikuwa tunaambiwa, "Vijana, leteni viti." Tukishaleta, tunaambiwa, "Sasa kaeni kando."

Mwaka huo mvua ilikuwa imegoma. Watu wa mbali walikuwa wameingia ranchini na ng'ombe na ngamia, na ugomvi ulikuwa juu ya lambo, lile bwawa ambalo sote tulichota maji. Mikutano ilifanywa. Mara tukasikia kuna mlinzi wa ranchi amefukuzwa kwa bunduki. Mpaka leo kila mtu ana jina lake la kuwaita wale watu. Mimi niliona bunduki na viatu, basi. Jina sina, na sitatunga.

Mlio ulitoka upande wa ranchi. Mmoja, halafu miwili pamoja.

Mama akanyoosha mgongo, akatazama huko, akasema, "Ndovu."

Hakuna aliyebisha. Hapo ndipo sijamaliza kushangaa hadi leo. Kijiji kizima, watu wazima wenye akili zao, tulisikia bunduki tukakimbilia madebe. Mwadime aliamka, akachukua lake. Mzee Maghanga akatoka shambani kwake na kifuniko cha sufuria. "Vijana mbele," akasema, kama kawaida. Wakesho akamnyanyua Zawadi, akamweka mikononi mwa Mama.

"Mshike kidogo, narudi sasa hivi."

Tukajipanga, tukaanza kwenda kuelekea ua wa ranchi, tunapiga kwa nguvu zote. Mimi nilikuwa na hasira, nakumbuka vizuri, hasira ya blauzi yangu kuingia vumbi. Nikaona mtu amesimama kando ya kichaka. Nikadhani ni askari wa wanyamapori. Nikampungia mkono.

Aliinua bunduki.

Mzee Maghanga alikuwa kushoto kwangu. Aliketi chini polepole, kama mtu aliyechoka. Kifuniko chake kikabingirika mbele yake, kikaanguka. Nikamtazama nikitaka kumuuliza mbona ameketi. Ndipo nikaona paja lake.

 

Tulilala kwenye pojo. Risasi zilipita juu, zinakata majani. Uso wangu ulikuwa kwenye udongo na nilikuwa nimejikojolea. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengi waliokuwa pale siku hizi wanasimulia kana kwamba walilala chini kupumzika.

Kisha kukatulia. Wale watu walikuwa wamerudi nyuma, upande wa lambo. Nafikiri walidhani tumekuja kupigana. Kijiji kizima kinakujia na makelele ya mabati, wewe ungedhani nini?

Mama alikuja akitambaa, Zawadi amefungwa mgongoni.

"Mghoi yuko lamboni," akaniambia.

Mghoi ni mdogo wangu. Alikuwa ametoka na punda kuchota maji, yeye na watoto wengine wa jirani. Niliwaona wakitoka. Nilimwambia asicheze njiani.

Mzee Maghanga alikuwa anafunga paja lake na shati. "Hakuna mtu kutoka hapa," akasema. "Polisi wa Voi wamepigiwa simu."

Wanaume walikuwepo pale, baba za wale watoto wakiwemo. Walibaki chini. Siwalaumu. Woga ukikushika miguu, miguu si yako tena.

"Polisi watoke Voi wafike lini, Mzee?" Wakesho akauliza. "Wakishakunywa chai?"

"Wewe Wakesho, tulia. Una mtoto wewe."

"Ndiyo maana," akasema.

Nilipogeuka, Mwadime alikuwa ameshavua ndala zake. Kila mara akifuata ndovu alizivua, kwa sababu ndala hupiga kelele. "Upepo unatoka kwao unakuja kwetu," akasema. "Tupitie korongoni, hawatatusikia." Miaka yote nimemjua sikuwahi kumsikia akisema jambo bila mzaha ndani yake. Nilimfuata kwa sababu ya mshangao huo tu.

Tulitambaa sote watatu korongoni, hatusemi neno, tunaongea kwa mikono jinsi tunavyofanya ndovu akiwa karibu. Nilikuwa nategemea kufa. Jambo la ajabu ni kwamba mikono yangu ilijua kazi. Miguu ilijua mahali pa kukanyaga. Mambo ambayo kijijini hayakuhesabiwa kuwa ni kujua kitu.

Tuliwaona. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya tuta la lambo, upande wetu. Punda walikuwa wamesimama na mitungi yao hawana habari. Na ng'ambo ya tuta, karibu kabisa, wale watu walikuwa wananywesha mifugo na kubishana kwa sauti. Mmoja akipanda juu ya tuta tu, amewaona. Nilitambua sweta ya bluu ya Mghoi. Alikuwa amemziba mdomo mtoto mdogo aliyelia.

Kuwaita hatungeweza. Kuwafikia hatungeweza, palikuwa uwanja mtupu katikati. Nikarusha kijiwe kidogo kiangukie karibu na Mghoi. Akadhani ni risasi. Akajibana chini zaidi.

Wakesho akanigusa. Debe lilikuwa bado mkononi mwake. Njia yote ile sikuwa nimeliona.

"Watoto wakisikia hili watakimbilia huku," akanong'ona. Akanyoosha kidole upande wa pili, kwenye mawe, mbali na korongo. Likilia kule, watoto watalipa mgongo, na mgongo wao ukiwa kule, nyuso zao ziko kwetu.

Mwadime akashika debe. "Leta. Naenda mimi."

"Wewe una mgongo wa kubeba. Kuna wadogo pale hawawezi kukimbia."

Aliliachia debe. Wakesho akanigeukia mimi.

"Mshai, Zawadi hapendi uji wa moto."

"Utamlisha mwenyewe," nikamwambia.

Akanifinya mkono, jinsi alivyonifinya tangu darasa la kwanza nikisema ujinga. Akaenda.

Tulingoja. Nilimtazama Mghoi tu, sikutazama mawe.

Debe likalia.

Na juu ya debe, sauti yake. Si wimbo. Ni ule ukelele tunaowapigia ndovu: rudi kwenu, rudi kwenu. Lakini ilikuwa sauti ile ile ya kwaya, ile iliyokatazwa, na ilijaa bonde lote. Ng'ombe walishtuka. Wale watu wakageuka huko wote.

Watoto wakainuka pamoja kana kwamba wamevutwa na kamba moja. Wakaligeuzia mgongo. Wakakimbia kuja kwetu, vile walivyofunzwa, midomo imefungwa.

Risasi zikaanza.

Debe liliendelea.

Mwadime alichukua wawili, mmoja kila kwapa. Mghoi aliniangukia kifuani. Mvulana mmoja alitaka kugeuka kutazama, nikamshika kichwa. "Usigeuke," nikasema. Tukashuka korongoni tunakimbia.

Debe liliendelea.

Halafu halikuendelea.

Polisi walifika jua likianza kulegea, na wale watu walikuwa wameshaondoka na mifugo yao. Watoto wote walikuwa wazima. Wakesho alikuwa nyuma ya mawe. Mwadime ndiye aliyembeba, hakukubali mtu mwingine amguse. Mgongo wake wa kubeba ukafanya kazi hiyo pia.

Siku ya mazishi wazee wa kanisa walianza kunong'onezana nje kama maiti yake inaweza kuingizwa kanisani, maana alikuwa bado ametengwa. Mzee Maghanga akaja kwa magongo. "Mimi ndiye nilimtoa," akasema. "Mimi namrudisha." Watu waliguna, wengine walilia. Mimi niliona hasira. Kumrudisha mtu kwenye kwaya akiwa ndani ya sanduku ni kazi rahisi. Waliimba bila yeye, na wimbo ulikuwa mwembamba, kila mtu alisikia.

Baada ya hapo likaitwa baraza, wageni wakubwa wakaja kutusifu. Vijana wetu hivi, vijana wetu vile. Kabla ya kuanza, mtu akasema kwa mazoea, "Vijana, leteni viti." Mwadime alikuwa ameketi chini karibu nami. Hakuinuka. Mimi sikuinuka. Vijana wote wa kijiji, hata wale ambao hawakuwa kikosi cha debe, walibaki wameketi, na hakuna aliyekuwa amepanga. Kisha Mzee Maghanga akaenda mwenyewe na gongo lake, akavuta kiti kimoja, kikichora mstari kwenye vumbi, akakiweka mbele ya Mama, aliyekuwa na Zawadi mgongoni. Tangu siku hiyo kila mtu hujiletea kiti chake, na sisi tukiketi hatuambiwi kukaa kando.

Wanasema yaliyopita si ndwele. Waseme. Mimi siku hizi nauza vitunguu Miasenyi, kando ya barabara kuu, na lori likipasuka gurudumu huwa nimeshalala chini kabla ya kujua nimelala. Wateja wangu wamezoea. Mwadime ana kibanda cha kuziba pancha hapo karibu. Halali tena mchana, na mkewe ananiambia hata usiku halali. Mghoi anasomea uuguzi.

Mteja mmoja aliwahi kuniambia kwamba ukipima, watoto wale wote kwa mtu mmoja, Mungu alifanya hesabu nzuri. Nilimrudishia vitunguu vyake kwenye fungu nikamwambia aende. Mizani yangu ni ya vitunguu.

Kinachonisumbua ni madebe. Kama tusingetoka na madebe yetu asubuhi hiyo, labda wale watu wangenywesha mifugo yao na kwenda zao. Labda Wakesho angemaliza kuvuna mstari wake. Nilimuuliza Mwadime siku moja. Aligeuza tairi mkononi.

"Na kama wangekuwa ndovu?" akasema. Hatujaongea tena juu ya hilo.

Zawadi naishi naye mimi. Ana mdomo kama mamake na sasa ana urefu kama wake. Nimemweleza yote, sikumficha kitu, hata blauzi.

Juzi ndovu walirudi. Ilikuwa asubuhi, niko jikoni nimempakulia uji, debe likalia upande wa shamba la jirani. Watoto wakapita mbio mbele ya nyumba kuelekea korongoni. Nikatoka. Zawadi alikuwa amesimama katikati ya njia, uso wake umeelekea debe.

"Zawadi. Lipe mgongo."

"Nangoja linyamaze," akasema.

Nilitaka kumvuta. Badala yake nilikwenda nikasimama kando yake. Niliinua macho nikatazama linakolia debe, jambo nililokataa siku ile. Debe lililia, likalia. Kisha likanyamaza, na wale vijana wakatokea kwenye mahindi wakicheka, wazima wote, ndovu wamegeuka.

Tukarudi nyumbani. Uji ulikuwa umeshapoa.