Sauti Ambayo Dada Hakuisikia

Dada yangu alidanganya mara moja tu maishani, nijuavyo mimi, na alidanganya kwenye ushuhuda. Mimi nadanganya karibu kila wiki na hakuna anayenikumbuka kwa hilo. Uongo wake ulikuwa mmoja, nao ukamganda miaka kumi na mitatu, ukampa jina, ukampa heshima na kumnyima usingizi.

Ilikuwa Alhamisi jioni, jua bado halijazama, kwenye ibada ya nyumbani sebuleni kwa mama. Tulifika watu kama ishirini na viti havikutosha, kwa hiyo dada na mama wakabanana kwenye kiti kimoja. Mwinjilisti alikuwa mgeni, kijana aliyevaa suti ya kumbana, mwenye sauti kubwa kuliko chumba. Alitaka kila mmoja aeleze jinsi alivyoisikia sauti ya Mungu. Hakuuliza kama tumeisikia. Akasema anayekosa la kusema ajichunguze, maana huenda kuna kitu kimeziba masikio yake. Kisha akaanza kuzungusha zamu kuanzia mlangoni.

Fundi bomba alisema aliisikia akiwa chini ya sinki la watu. Muuguzi aliisikia wodini. Mwalimu wa kwaya aliisikia katikati ya wimbo, na akatuimbia wimbo wote, beti zote nne, ili tupajue mahali penyewe. Mimi nilipoona zamu inanisogelea nilijitia kwenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuwa na shida yoyote. Dada hakuwa na pa kukimbilia.

Ukweli wake ulikuwa mfupi. Alikuwa hajasikia kitu. Alianza kuomba tangu mdogo, akaomba kwa bidii, na kila alipomaliza palikuwa kimya vilevile kama alipoanza. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amejiandaa kusema hivyo hivyo. Lakini watu walikuwa wanamtazama, mwinjilisti amemtolea macho, na mdomo wake ukasema mengine. Alisema alikuwa kwenye cherehani, mguu ukaacha kukanyaga wenyewe, na sauti ikamwita kwa jina lake, polepole, mara mbili.

Sebule nzima ililipuka kwa shangwe. Muuguzi akapiga magoti akalia, mwalimu wa kwaya akapata sababu ya kuanzisha wimbo mwingine, na mama akamkumbatia dada. Zamu ikaishia hapo. Tangu siku hiyo watu wa kanisani wakamwita Dada Sauti.

Dada ni fundi wa kushona. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu kilichopasuka kona. Anashona sare za shule na majoho ya kwaya. Baada ya ile Alhamisi, wateja wakaanza kuja na mengine zaidi ya vitambaa. "Dada Sauti, hebu niulizie." Niulizie kama huyu bwana ni wangu. Niulizie mwanangu atapona lini. Walimsemesha kana kwamba yeye ndiye anayekaa dirishani kwenye ofisi ya Mungu, na wao wapo kwenye foleni.

Akabuni ujanja. Akimwona mtu anaingia na uso wa kuuliza, anajaza pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, anaguna tu, na yeye aliguna miaka mingi. Majoho ya wakati ule yalitiwa pini nyingi kuliko yalivyohitaji. Mimi mwenyewe nilijaribu koti langu la harusi nikachomwa mahali ambapo sitapataja. Mtu akimng'ang'ania sana, alizitema mkononi moja moja, akasema, "Endelea kuomba." Watu waliondoka wameridhika, na kuridhika kwao ndiko kulikomuumiza.

Msije mkadhani aliogopa kuumbuka tu. Alimtaka Mungu kweli. Mimi dini yangu ni ya kukaa benchi la pembeni na kutazama saa, kwa hiyo sikuwahi kuelewa kiu ya namna ile, na wakati mwingine ilinikera. Alifunga siku tatu tatu mpaka sketi zikawa zinamvuka kiunoni, akazipunguza mwenyewe, akafunga tena. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi alipitia kanisani, mama wa usafi akiwa bado na ndoo na tambara, akakaa nyuma kabisa akasubiri. Hakuomba mali wala mume. Aliomba aitwe jina lake mara moja, hata kama ni kwa kukaripiwa.

Mwaka wa nne ndipo aliponiambia. Nilikuwa nimempelekea suruali iliyoharibika zipu, nami nimekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, nimejifunga kipande cha kitambaa cha sare, nasubiri. Cherehani ikanyamaza.

"Ile sauti sikuisikia," akasema kutoka upande wa pili.

"Sauti gani?"

"Unaijua."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kitambaa kikanifunguka. Pazia likavutwa, suruali ikanipiga usoni, zipu imeshonwa nusu.

"Nimemsingizia Mungu, wewe unacheka?"

"Dada, kila mtu pale alitia chumvi. Yule wa sinki je?"

"Wa sinki hajaulizwa na mama wa watoto watano kama mumewe atarudi."

Nikampa ushauri ambao mpaka leo nikiukumbuka natamani kuumeza. Nilimwambia anyamaze tu. Watu wameshazoea, nikasema, ukianza kujieleza leo utawavunja moyo, na mama je, anavyojivunia wewe! Dada aliokota suruali akarudi nayo kwenye cherehani. Hakuniangalia tena. "Naogopa hasemi na mimi," alisema, "kwa sababu nilishasema mimi kwa niaba yake." Akamaliza zipu. Nilivaa suruali nikaenda zangu.

Akanyamaza miaka mingine tisa. Kwenye ibada za Alhamisi alimkalisha mama karibu naye, na mama akawa anaomba kwa sauti ya chini, amefumba macho, kwa muda mrefu kuliko watu wote. Sisi tulisema ni mcha Mungu. Tulisema dada amerithi kwake.

Kisha moyo wa mama ukachoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kutafutwa, na daktari akatuita pembeni akatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Tukamlaza chumba cha nyuma, chenye dirisha la uani, mito mitatu mgongoni kwa sababu hakuweza kulala chali. Dada alifunga kazi, akatundika karatasi mlangoni. Majoho ya kwaya yalibaki mezani bila mikono.

Jumanne moja mchana dada alikuwa anampaka mama mafuta miguuni, mimi nakunja mashuka. Mama akamshika dada mkono.

"Mwanangu, nisimulie ile sauti."

"Ipi, mama?"

"Ile yako. Ilikuwa nzito au nyepesi? Ilitokea mbele yako au nyuma? Nisimulie vizuri." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nataka ikiniita niitambue. Naogopa nitaipita."

Dada alisema anakwenda kuchemsha maji. Nikamfuata jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya jiko ambalo hajaliwasha.

"Mwambie ilikuwa nzuri," nikanong'ona. "Mwambie ilikuwa laini, basi. Mtu anaondoka, mpe amani yake."

"Nikimwambia ilikuwa laini, halafu aikute kali? Ataipita kwa sababu yangu."

"Dada, hayo ni maneno tu."

"Kwako wewe!" Alinigeukia na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwako kila kitu ni maneno tu. Ananiuliza njia, na mimi sijawahi kufika. Unataka nimwelekeze?"

Nilikasirika. Nilimwambia ni mbinafsi, anataka kutua mzigo wake kwenye kifua cha mgonjwa. Nilimwambia kama amekaa nao miaka kumi na mitatu, wiki moja zaidi haitamuua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta mikono kwenye gauni lake, akarudi chumbani. Mimi nilisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Alipiga magoti kando ya kitanda ili uso wake uwe sawa na wa mama. "Mama, sikuisikia," alisema. "Siku ile nilidanganya. Wala baada ya hapo sijaisikia. Nimeitafuta kila siku, sijaipata."

Uani mtu alikuwa anakung'uta mkeka, na nilihesabu mapigo yake kwa sababu nilihitaji kitu cha kufanya. Dada alibaki chini, kichwa kwenye godoro, mabega yanapanda na kushuka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nafuata," mama akasema hatimaye. "Zamu yangu ilikuwa inafuata."

"Najua, mama."

"Hujui. Nilikuwa nataka kusema sijawahi kuisikia. Nilijisemea leo nitasema, waniombee wanaotaka kuniombea, wanicheke wanaotaka kucheka. Kisha wewe ukasema umeitwa." Akatafuta pumzi, akaipata. "Tulikuwa tumekaa kiti kimoja, mwanangu. Bega kwa bega. Nikajua Mungu amekuja mpaka kwenye kile kiti, akakuita wewe, akaniruka mimi."

Dada aliinua kichwa.

"Miaka yote hii namwuliza nimemkosea nini," mama akasema. "Nilikuonea wivu. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikamwonea wivu. Nikaenda nikatubu na huo wivu, nikarudi, nikakuonea tena. Na kumbe hakukuwa na kitu."

Mimi pale mlangoni nilitamani sakafu inimeze. Ushauri ule wa nyuma ya pazia ulikuwa wangu. Miaka tisa kati ya ile kumi na mitatu niliitoa mimi, kwa kicheko, nikiwa nimejifunga kitambaa cha watu.

"Nisamehe, mama," dada alisema.

"Ungeniambia," mama akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mdomo umemkunjamana. "Ungeniambia tu. Tungemtafuta wote wawili."

Akageukia ukutani, na hakutaka kuguswa. Dada alikaa sakafuni mpaka kivuli cha dirisha kikafika miguuni pake. Sikumpelekea hata maji, maana sikujua nitamwambia nini.

Kabla ya jua kuzama nilisikia mama anaita. Nikafika mlangoni. Alikuwa amegeuka tena, uso umevimba.

"Bado unamtaka?" alikuwa anamwuliza dada.

"Namtaka, mama. Namtaka mpaka naumwa."

"Mimi pia. Basi njoo ukae hapa juu, magoti yatakuuma. Omba. Na usiseme usichokijua."

Dada alipanda kitandani, akaushika ule mkono uliovimba. Nimesikia maombi mengi maishani, mengi yao marefu, lakini sijasikia yaliyokwamakwama kama yale. Alianza akaacha. Akaanza tena. "Bwana, tuko hapa wawili," akasema. "Hatujakusikia. Tumechoka, lakini hatujaondoka. Ukija, usipite." Mama akasema amina. Chumba kikawa kimya. Nilisubiri nao, mimi niliyezoea kutazama saa, na hakuna kilichotokea. Walifanya hivyo kila jioni, siku nne mfululizo, na kila jioni ilikuwa kimya. Lakini mama hakugeukia ukutani tena.

Alifariki Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa nimekwenda duka la dawa. Niliporudi dada alikuwa ameshamfumba macho.

Baada ya mazishi watu wa Alhamisi walikuja nyumbani, wakajaa sebuleni kama siku ile, wengine na mvi sasa. Waliimba, walisali, walinywa chai. Kisha muuguzi akamshika dada bega, akamwuliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Dada Sauti, ulikuwa naye mwisho. Tupe ushuhuda. Bwana alimwitaje mama?"

Dada alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu tulipokuwa watoto nilimwombea mtu kwa dhati.

"Sikusikia kitu," alisema. "Na ile ya miaka kumi na mitatu iliyopita sikuisikia pia. Niliwadanganya. Mliokuja kuniuliza, nilikuwa sina nilichopewa."

Mwalimu wa kwaya akaitazama chai yake. Mtu fulani nyuma akaguna kwa hasira, na alikuwa na haki.

"Mama nilikuwa nimemshika mkono," dada akaendelea. "Alikuwa ameniangalia mimi. Akageuza kichwa dirishani. Kisha pumzi ikaisha."

"Kama mtu aliyeitwa!" muuguzi akasema, machozi yanamlenga. "Bwana asifiwe! Aligeuka kama mtu aliyeitwa!"

Wachache wakaanza kuitikia. Dada akainua mkono kuwanyamazisha.

"Nimesema aligeuza kichwa," alisema. "Hayo mengine nayataka kuliko ninyi nyote, lakini sikuyaona."