Kichwa Kwenye Sinia

Nitasema mapema ili tusipotezeane muda: sikujua Halowini ni mdudu gani. Nimezaliwa Morogoro, nimesoma Dar es Salaam, na mpaka nafika Guangzhou hakuna mtu aliyewahi kunialika kwenye sikukuu ya kutishana. Kwetu mtu anayetaka kukutisha huwa ana sababu zake, na mara nyingi ni jirani. Lakini laoban, ndivyo tulivyomwita mama bosi wetu, alikuwa na imani kwamba wageni wote tumetoka kijiji kimoja.

"Sikukuu yenu ya mazimwi inakuja," aliniambia. "Shule ya mtaa wa pili wameshabandika tangazo. Na sisi tufanye, wazazi waje. Wewe si unajua mambo yenu?"

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, nasoma kwa ufadhili, na kila Jumamosi nilifundisha Kiingereza katika kishule chake, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Nilikuwa na darasa moja tu, watoto ishirini na wawili wa miaka saba na minane. Nilipoanza, waliniita hak gwai, neno la Kikantoni la kuwaitia watu weusi. Maana yake ni zimwi jeusi. Hawakulisema kwa ubaya, walilibeba kutoka nyumbani kama wanavyobeba majina ya mboga. Ilinichukua mwaka mzima kuwafikisha kwenye laoshi, yaani mwalimu. Nililipigania neno hilo kama mtu anavyopigania mpaka wa shamba la baba yake, na asiyenielewa hapo hatanielewa kwa nini mpaka leo nikiikumbuka sherehe ile damu inanichemka.

Nilimjibu laoban kwamba najua. Kiburi tu. Nikatoka pale moja kwa moja kumtafuta kijana mmoja wa Nairobi aliyekuwa akisomea uhandisi, maana Wakenya hujifanya wanajua kila kitu cha Kizungu. Naye hakujua. Alikuwa ameona gazetini picha ya boga lenye meno, basi.

"Dada, tulia," akasema. "Hawa wasee hawajui ni nini, na sisi hatujui ni nini. Chenye tutafanya, hiyo ndiyo itakuwa Halowini. Nani atatusahihisha?"

Basi tukafanya tulichokijua. Mimi nilijua mazingaombwe. Nilipokuwa darasa la tatu alikuja shuleni kwetu mtu mwenye kofia ndefu na koti lililopauka, tukatoa vijisenti vyetu, tukaingia darasa lililozibwa madirisha kwa magunia. Mezani palikuwa na sinia, na juu ya sinia kichwa cha mtu. Kichwa tu. Chini ya meza hakuna kitu. Kile kichwa kikafumbua macho, kikamtaja mwalimu mkuu kwa jina na kusema hajalipa deni la pombe, na shule nzima ikatoka mbio hadi barabarani. Sijawahi kuogopa wala kufurahi namna ile tena. Hiyo ndiyo niliyotaka kuwapa watoto wangu.

Wiki mbili tulikaa na maboksi, gundi na nyundo. Tukatengeneza mahali pa kurusha pete kwenye chupa za soda kama kwenye Sabasaba, pango la kutia mkono ndani ya tambi baridi ukiwa umefumba macho, na vinyago vya karatasi ishirini na viwili. Boga tulilipata sokoni, la Kichina, lenye shingo ndefu. Tulipolichonga uso likafanana na mtu mwenye matubwitubwi. Kijana wa Nairobi alikata tundu la shingo kwenye sinia na katikati ya meza mbili zilizounganishwa, akapima pembe za vioo vya kuficha miguu kwa hesabu za chuo kikuu. Kitambaa cheusi cha kuzungushia chumba alinipa mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuja kununua mizigo mtaa wa Sanyuanli. Alinipa, ila hakuninyamazia.

"Mwanangu, mashetani hawachezewi," alisema. "Utawaita kwa mzaha, watakuja kwa kweli. Soma Bismillahi kabla hujaanza."

Nikamwambia mimi Mkristo. Akasema basi nisome chochote nilichonacho.

Mipango ilikuwa hivi: kijana wa Nairobi angepakwa unga usoni awe kichwa. Mimi ningesimama mbele na kisu tulichokichonga kwa boksi mkononi, nimevaa kofia ndefu niliyoitengeneza mwenyewe na kuisugua rangi ya viatu kutoka dukani chini mpaka ikang'aa. Ningekuwa bwana wa mazingaombwe, mbele ya wazazi ambao wengi wao hawakuwahi kuniona. Laoban alikuwa amesema atatangaza siku hiyo nani atafundisha mwaka mpya. Nilitaka wazazi wanione nikiwa mwalimu, mrefu kwa kofia, watoto wao wakinisikiliza.

Siku yenyewe, saa nane mchana, mapazia yameshafungwa, nikaingia nikamkuta kijana wa Kizungu amevaa kofia yangu.

Alikuwa na begi la mgongoni, anapita Guangzhou akielekea kwingine. Hakuwa na kosa kubwa, nasema hivyo sasa, wakati ule sikusema. Kiingereza hakikuwa lugha yake, hata wingi wa neno mtoto ulimshinda. Rangi ya viatu ilikuwa haijakauka vizuri, na tayari ilikuwa imemwachia pete nyeusi kwenye paji la uso.

"Wazazi wanataka kumwona mwalimu," laoban akaniambia. "Yeye atasimama mbele. Wewe utakuwa kichwa."

"Kichwa tunaye," nikasema. "Ameshapakwa unga."

"Wewe unafaa zaidi. Wewe hata kupakwa huhitaji." Akacheka, akanipigapiga begani. Alikuwa ananipenda yule mama, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa ananichukia ningejua pa kuiweka hasira yangu.

Kwa Kikantoni Mzungu naye ni zimwi, anaitwa gwailou, mtu-zimwi. Sote wawili tulikuwa mazimwi mle ndani. Ila zimwi jeupe limevishwa kofia na zimwi jeusi linaambiwa liingie chini ya meza. Kijana wa Nairobi alianza kukusanya nyundo zake, uso mweupe kwa unga.

"Twende, dada," akasema. "Wacha wajipange wenyewe."

Nilipaswa kwenda. Ila kwenye ngazi nilikuwa nasikia watoto wamepanga mstari, wanasukumana, wanacheka na vinyago vyangu usoni. Nikajiambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikajiambia pia kwamba nikifanya vizuri, laoban hataninyima darasa. Nikaingia chini ya meza nikakaa kwenye kigoda, nikapenyeza kichwa tunduni. Kijana wa Nairobi akazibana zile meza mbili shingoni mwangu, akagongea misumari, akanipaka tomato sosi.

Waliingia kimya. Ukiwa kichwa kwenye sinia huoni mtu mzima, unaona mikanda na matumbo, na watoto unawaona macho kwa macho. Mzungu akapunga kisu, akanguruma kidogo. Mimi nilitakiwa nigeuze macho na kulia kama maiti. Nikayafumbua macho, nikawaona wote ishirini na wawili, na hasira ikanishika vibaya sana. Sikulia. Nikaita mahudhurio.

"Namba moja," nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu ya Jumamosi.

Kutoka nyuma ya kinyago: "Nipo, laoshi."

"Namba mbili."

"Nipo, laoshi."

Nikaenda hivyo. Mzungu alisimama na kisu chake hajui afanye nini. Wazazi wakaanza kucheka, kisha wakanyamaza, maana watoto wao walikuwa wananyoosha migongo na kujibu vizuri, na walichokuwa wanakijibu kilikuwa kichwa changu.

Laoban akainama kana kwamba anaweka sawa kitambaa. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya wazazi. Akanisogezea mdomo sikioni.

"Jumamosi usije tena," akasema. "Darasa ni lake."

Nilikuwa sina mikono. Sina mabega ya kupandisha, sina miguu ya kuondokea. Nimeachishwa kazi nikiwa sinia la nyanya. Nimeshatukanwa mara nyingi maishani, Dar es Salaam na China, lakini daima nilikuwa na mwili. Nikaendelea kuita namba mpaka kumi na nne.

Kumi na nne hakujibu. Alikuwa msichana mdogo kuliko wote, hana meno mawili ya mbele, na kila nikiondoka alinisindikiza hadi mlangoni akiwa ameshika kidole changu kimoja. Alivua kinyago. Alikuwa analia bila sauti.

"Laoshi," akasema, "nani amekukata?"

Hakuna aliyecheka. Laoban akamwambia ni mchezo, ni mchezo tu. Mtoto hakumsikiliza. Akamtazama Mzungu, kisu mkononi na weusi kwenye paji la uso, akamwendea akampiga teke la ugoko. Mzungu akashika mguu, kofia yangu ikaanguka. Mama wa mtoto akaanza kuomba radhi pande zote. Mimi nikapiga kelele kijana wa Nairobi anitoe, maana ile meza alikuwa ameifunga kwa misumari ya kweli.

Nikatoka kwa magoti kutoka nyuma ya vioo, nywele zimejaa vumbi la mbao. Nikapiga magoti mbele yake nimwoneshe mikono, tumbo, miguu yote miwili. Hakuridhika. Akanishika shingo kwa vidole vyake, akapangusa sosi, akazungusha mkono hadi kisogoni akitafuta mahali palipokatwa. Laoban alisimama juu yetu, bado anatabasamu.

"Hujakatwa?" mtoto akauliza.

"Sijakatwa."

"Jumamosi utakuja?"

Ndiyo nafasi niliyokuwa nayo. Wazazi wote walikuwa pale. Ningeweza kumnyooshea laoban kidole na kusema: muulize huyu. Nimelisema hilo mara elfu tangu siku ile, jikoni kwangu, nikifua, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa maneno mazuri sana. Lakini mkono wake ulikuwa bado kisogoni kwangu na nilichotaka ni aache kulia tu. Nilikuwa nimewafundisha kwamba swali hujibiwa kwa sentensi kamili.

"Ndiyo," nikasema. "Nitakuja Jumamosi."

Akaridhika. Akaokota kinyago chake, akaenda kurusha pete.