Funda la Kwanza

Mimi pombe napika, sinywi. Kwetu Gehandu hilo si ajabu. Ukialika majirani kuvuna mahindi lazima uwe na chungu cha pombe ya mtama, na mpishi lazima aonje funda la kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Ndivyo nilivyofanya siku ya mavuno. Funda moja, nikafuta mdomo, nikaenda kugawa nyama ya mbuzi. Ilikuwa ya mafuta, nami nilikuwa na njaa, nikala vizuri tu.

Jua halijazama, tumbo likanishika chini ya kifua, maumivu yakapenya hadi mgongoni. Kulala chali sikuweza, nikakaa nimeinama. Mume wangu alinitazama. Maumivu yale aliyajua. Miaka ya nyuma yalimlaza yeye, hospitali wakasema kongosho limevimba kwa sababu ya pombe, na tangu siku hiyo hagusi kikombe wala hataki pombe itajwe mbele yake.

Basi wifi yangu akajumlisha haraka. Mume alikunywa akaumwa, mke anaumwa vilevile, kumbe walikuwa wanakunywa wote! Lisemwalo lipo, akasema. Na majirani si walikuwa wameniona nikionja?

Hospitali tulimkuta daktari kijana, mgeni wa mkoa huu. Akaniamkia shikamoo, akapima damu, akasema ni kongosho. Akauliza kama nakunywa, nikasema hapana. Akamgeukia mume wangu, naye akatoa ukweli wa hovyo kabisa, kwamba pombe ya nyumbani napika mimi. Wakanitundikia dripu, wakaninyima chakula mpaka maumivu yakatulia, wakanirudisha nyumbani na onyo niache pombe. Niache nini? Nilikasirika hadi nikasahau kuaga.

Kwaya ya kanisani niliyokuwa naimba nayo ikanipumzisha, eti nitubu kwanza. Nikakataa. Nilijua jambo moja: kama sababu si pombe, basi sababu bado imo tumboni mwangu, na itaniua huku watu wananihubiria.

Haikukawia. Nilikula maharage yaliyoungwa kwa samli, maumivu yakarudi kwa ukali zaidi kuliko mwanzo, na macho yakawa ya njano. Njiani nikamwambia mume wangu safari hii sirudi mpaka wajue kinachoniua. Akanyamaza. Kunyamaza kule kuliniuma kuliko kongosho lenyewe.

Daktari alikuwa yule yule, na akaanza na pombe ile ile. Nikashika chuma cha kitanda.

"Nipime kama mtu ambaye hajanywa," nikamwambia. "Ukikuta nimekudanganya, nitakuomba radhi mbele ya wodi nzima."

Akamtazama mume wangu. Wodi ilikuwa imejaa, na wengine walikuwa watu wa kijijini kwetu. Mume wangu akavua kofia.

"Daktari, ya kuacha niliacha mimi. Huyu hana cha kuacha. Mtafutie ugonjwa wake mwenyewe."

Nililia pale pale, na si kwa maumivu.

Picha ya tumbo ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na moja lilikuwa limeteleza likaziba njia inayopita kwenye kongosho. Daktari akaniomba radhi. Akaeleza kwamba wanaume wengi wanaomjia na ugonjwa huu chanzo ni pombe, na wanawake wengi ni mawe haya, lakini mimi alikuwa amenisomea ugonjwa wa wanaume. Wakalitoa lile jiwe, kisha wakaniondolea mfuko wa nyongo. Kwaya wakaniita wenyewe, nikarudi mstari wa mbele, na sikutubu.

Mavuno yaliyofuata nilialika majirani kama kawaida, na pombe alipika wifi kwa sababu mimi nilikuwa bado sinyanyui vyungu. Watu walipokaa akanijazia kikombe, kwani mwenye shamba ni mimi. Daktari alikuwa amenikataza hata funda. Kila mtu akanitazama.

"Wifi," nikasema, "mpishi ni wewe. Onja."

Akashika kikombe kwa mikono miwili, akatazama watu, watu wakamtazama. Kisha akanywa funda lake moja, akafuta mdomo.