Familia Isiyo na Mwanajeshi

Chibalonza alikuwa na mume mwanajeshi, na kwa miaka minne alifaulu kumficha. Si kazi ndogo kumficha mwanajeshi wa futi sita katika nyumba ya vyumba vitatu kama hii ya sasa ya Rooty Hill, Sydney, lakini Chibalonza akishaamua jambo, ameamua. Sare za Déo zilianikwa bafuni. Asubuhi alitoka amejifunika koti la mvua mpaka magotini, hata Januari jua linapotoboa utosi, na majirani wakamwonea huruma wakidhani ana homa isiyopona. Kanisani ilijulikana kwamba Papa Clarisse, yaani Déo, anapika katika hoteli kubwa yenye meneja mkali, ambaye mara kwa mara humpeleka porini wiki tatu akapikie wageni.

Upishi ulikuwa wa kweli. Jeshi la Australia lilimwajiri jikoni, na jikoni ndiko alikokaa, akikaanga mayai mia tatu kila asubuhi. Lakini aliyapika ndani ya sare, na sare ndiyo iliyomnyima mkewe raha.

Tusimcheke upesi. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikokaa na Déo miaka kumi na mmoja wakingoja kupewa nchi ya kuhamia, waliitwa kwenye mahojiano mara tisa, na mara zote tisa waliulizwa kama kuna yeyote katika ukoo wao aliyewahi kushika bunduki. Kambi nzima iliamini kwamba ukijibu ndiyo, faili lako linawekwa kando, nawe unazeekea hapo. Basi Chibalonza akaifundisha nyumba yake. Alimwamsha Déo kwa swali hilo kabla hata ya kumsalimu. Hapana, sisi ni wakulima, ndivyo alivyotakiwa kujibu. Jibu likamwingia Chibalonza mwenyewe mwilini, akawa analitoa kama chafya. Clarisse alipozaliwa huku Australia, alifundishwa jibu hilo pamoja na sala ya chakula. Hata walipohamishiwa Townsville, kwenye nyumba za jeshi, ambako kila jirani alikuwa askari, Chibalonza aliwaambia wake zao kwamba yeye alipangishwa pale kwa bahati tu.

Sasa Clarisse ana miaka tisa na ameshapita shule tatu. Kila alipopata rafiki, baba yake alipewa uhamisho. Katika shule ya tatu aliacha kabisa kuongea darasani. Mtoto pekee aliyemfungulia kinywa ni Kendi, binti wa Mkenya mmoja wa jeshini, aliyekuwa naye Townsville. Kendi naye alihamia Sydney, wanakoishi kina Clarisse sasa, akaingia shule iliyo vituo viwili vya treni kutoka kwao, nje ya eneo la shule walilopangiwa. Shule ile ilikuwa imejaa, ila ilikuwa imetenga nafasi chache kwa watoto wa wanajeshi. Chibalonza aliililia nafasi hiyo katika maombi. Aliomba ruhusa ya nusu siku kwenye ghala la Smithfield anakofunga maboksi, akaketi mezani kujaza fomu. Jina, anwani, chanjo. Swali la saba likauliza kama mzazi yeyote anatumikia jeshi. Mkono ukaweka alama kwenye Hapana kabla kichwa hakijafika.

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya siku nne. Déo aliisoma amesimama jikoni, mwiko mkononi, kisha akamuuliza mkewe kwa upole yeye Déo ni nani katika dunia hii. Mkewe akamjibu kwamba ni mpishi.

Ijumaa wakaenda kwenye ofisi ya shule wote watatu, Déo kwa mara ya kwanza bila koti la mvua. Karani alikuwa mwanamke wa Meru aitwaye Kawira, aliyefurahi kusikia Kiswahili. Alieleza kwamba nafasi imebaki moja na orodha inafungwa saa tisa alasiri. Barua ya jeshi ya uhamisho wa Déo ameiona, iko sawa. Kilichobaki ni mama aliyetia sahihi kurekebisha jibu lake.

"Ni formality tu, Mama Clarisse," akasema. "Baba yuko Defence, ama?"

"Hapana," akajibu Chibalonza, jibu lilelile la kambini. "Siye tuko balimaji."

Kawira alimtazama Déo kuanzia kofia hadi buti. Déo alitazama dari. Na Clarisse, ambaye mwaka mzima hakuwahi kufungua kinywa katika ofisi yoyote, akasema kwa sauti safi kabisa: "We don't have soldiers in our family. Dad cooks."

Alifundishwa, akafundishika. Kawira akauliza, kwa adabu zote, kama baba amekodi hizo nguo.

Kisha akalaza kalamu, akasema polepole kwamba hawezi kuandika neno ambalo mama hajalisema. Chibalonza akamgeukia bintiye. Clarisse alikuwa ameshafunga kinywa tena, na mama yake aliona jinsi kitakavyofungwa katika shule ya nne, na ya tano. Hasira ikampanda. Aliwakasirikia wote waliowahi kumuuliza, na zaidi alijikasirikia mwenyewe.

"Ndiyo," akasema, kwa neno la kwao la mwanajeshi. "Iko soda. Bwana yangu iko soda."

Kawira akabonyeza mahali kwenye kompyuta, akatabasamu, akasema mtoto ameingia, Jumatatu aje na kofia ya jua. Déo akashusha pumzi na kuinuka. Chibalonza hakuinuka.

"Na kaka yangu," akasema. "Rodrigue. Naye alikuwa soda. Alikufia mu sare, kule kwetu. Mara tisa nilisema sina kaka."

Déo akaketi tena. Walikutana kambini, na kwa miaka yote ya ndoa yao alijua kwamba mkewe alizaliwa peke yake.

Kawira aliisoma tena fomu. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba fomu inahesabu wazazi tu, mjomba haongezi kitu, na tena nafasi imeshapatikana.

"Najua," akasema Chibalonza. "Nataka tu aandikwe fasi moja, hata pembeni."

Kawira akaichukua kalamu, akaigeuza fomu upande usio na maswali, akauliza jina kamili na mwaka wa kuzaliwa.