Mtandao Uliofungiwa Kabatini

Juzi, katika ofisi moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mama Mkongo alikuwa akisubiri kibali cha kumpeleka mwanawe hospitali ya Lodwar. Karani alihangaika na kompyuta mpya, ndiyo pekee ya kutolea vibali, iliyokataa kuingia kwenye mtandao. Aliizima, akaiwasha, akaigeuzia dirishani. Mimi niliyekuwa nyuma ya mama kwenye foleni nilishindwa kukaa.

"Mashine ya mtandao iko wapi?" nikauliza.

Akaonyesha kabati la chuma lenye kufuli. "Tuliifungia humo, vumbi lisiiharibu. Kompyuta za zamani zinatumia waya. Hii haina tundu la waya, inategemea mawimbi ya hewani."

"Na chuma ndicho kinachoyazuia," nikamwambia.

"Fungua basi, papa," mama akamwambia karani, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Ufunguo uko na bosi. Ameenda Longech, ziwani, na huko simu haishiki."

Mama akamgeuza mtoto begani, akamgusa paji la uso. Angalau mashine ya mtandao haina vumbi, nikajisemea.